Je, wajua samaki alifikaje Dodoma, na kwa nini meza yake hurithiwa?

Kutoka Dodoma hadi Bahari ya Hindi ni kilomita kama 450. Ziwa Tanganyika liko mbali zaidi. Huku kwetu mvua ni ya miezi michache, na kitoweo cha asili cha Ugogoni ni mlenda, maziwa na nyama. Hata hivyo, ukiingia Soko la Majengo asubuhi utakuta dagaa wamerundikwa kwenye meza, sangara waliobanikwa, perege wabichi na harufu ya ng'onda inayokupokea kabla hujamwona muuzaji. Nimekulia nyuma ya meza moja ya namna hiyo. Bibi ndiye aliyeianza, mama akaipokea, sasa iko kwa dada yangu.

Aliyefungua njia ni treni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na Dodoma ikawa stesheni katikati ya safari. Gunia la dagaa likipakiwa Kigoma husafiri kilomita kama 800 mpaka hapa. Samaki mbichi asingeistahimili safari hiyo enzi zile bila barafu, lakini mkavu hana wasiwasi. Vijidudu vinavyoozesha nyama vinahitaji maji ili viishi. Jua huyakausha maji hayo, nayo chumvi huyavuta yatoke nje ya nyama, ndiyo maana watu wa pwani humpasua samaki, wakampaka chumvi na kumwanika akawa ng'onda. Hewa kavu ya Dodoma inasaidia pia: gunia lililofika likiwa kavu hubaki kavu, mradi tu lisiguse sakafu wakati wa masika.

Sasa, kwa nini familia? Kwa sababu ya mali kauli. Mtu wa Kigoma anakupakilia magunia bila kupokea hata senti. Unauza, kisha unatuma hela. Mkataba wenu ni neno tu, na neno la namna hiyo haliaminiwi kwa mgeni. Bibi alipozeeka, wale wa Kigoma hawakuuliza meza itauzwa kwa nani, waliuliza ni mtoto gani atakaa pale. Tunalo mpaka leo daftari lake la madeni, kurasa zimelainika kwa mafuta ya samaki. Kwangu mimi, mtaji wa familia yetu ulikuwa daftari lile, kuliko hata meza yenyewe.

Mama alinifundisha kupokea gunia. Unazamisha mkono mpaka katikati, kwa sababu juu huwekwa wazuri. Unachota, unasugua kiganjani: dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja anaacha kiganja safi, aliyeanikwa chini anakuachia mchanga. Kisha unamvunja mmoja. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda, rudisha.

Samaki mbichi walikuja baadaye. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kuhifadhi maji ya kuzalishia umeme, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limejaa. Wavuvi wakafuata, na perege na kambale wakaanza kuingia mjini kwa barabara ya Iringa. Biashara hii ina haraka zake. Dada yangu huamka usiku kuwahi mzigo, hufunua mashavu ya samaki kuona kama bado ni mekundu, na ikifika mchana ambao hawajanunuliwa hupaliwa magamba na kuingia kwenye karai la mafuta.

Wateja huuliza mbona bei ya dagaa hupanda na kushuka. Jibu moja liko angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa ya mvuvi haiwavuti tena, na wengi hupumzisha vyombo mpaka giza lirudi. Baada ya siku kadhaa magunia yanayoshuka Dodoma hupungua.

Mama hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Lakini kila mwezi ukikaribia kuwa mpevu nilimwona akitoka uani baada ya chakula cha usiku, akitazama juu, kisha akirudi ndani kuhesabu magunia yaliyobaki.