Basi la shule la umeme: kilomita za kwenye karatasi na kilomita za Kigoma

Dhana: Umbali ulioandikwa kwenye kipeperushi umepimwa na serikali ya huko basi linakotoka.

Ukweli: Marekani, stika ya umbali wa chaji moja inayobandikwa kwenye gari jipya la umeme ni ya magari madogo. Basi kubwa la shule ni gari zito, halimo. Ulaya, kipimo rasmi cha umbali kiitwacho WLTP nacho ni cha magari madogo na vani. Kwa hiyo namba ya basi mara nyingi ni ya mtengenezaji mwenyewe, na ndiye aliyechagua barabara, mwendo na mzigo.

Dhana: Betri kubwa, basi halina shida.

Ukweli: Hapa ndipo shule zitaumia. Tuseme betri ni ya kilowati-saa 150. Haikamuliwi yote, sehemu hufungiwa ili isichakae mapema, zibaki 130. Basi likila kilowati-saa 1 kwa kilomita, ni kilomita 130. Sasa lijaze watoto, lipandishe kutoka stesheni hadi Mwanga, kiyoyozi kikiunguruma, mlango ukifunguliwa kila kituo na joto la Septemba likiingia. Likila 1.3, zimebaki 100. Dereva naye asiishiwe njiani na watoto wa watu. Akibakiza asilimia 20 ni kilomita 80. Mteremko hurudisha umeme kidogo, haurudishi wote ulioliwa mlimani.

Na 80 hizo ni za betri mpya. Dhamana nyingi huihesabu betri kuwa mbovu pale tu inaposhuka chini ya asilimia 70, na hapo umebaki na kilomita 56. Kwa mizunguko ya Ujiji, Gungu na Mwanga, ukichaji mchana, zinaweza kutosha kabisa. Ila ujue kabla ya kununua.

Dhana: Kwetu hakuna sheria ya kumbana muuzaji.

Ukweli: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inaweza kumbana muuzaji uliyemweleza matumizi yako ukategemea utaalamu wake. Kwa hiyo mweleze kwa maandishi: njia, vituo, idadi ya watoto. Kwenye mkataba aandike kilomita za betri mpya na za betri iliyochakaa, tuseme ya mwaka wa nane.

Mimi ningeomba pia basi lipakiwe magunia ya mchanga yenye uzito wa watoto, lipandishwe Mwanga mchana wa jua kali, tusome asilimia ya betri chini na juu kabla ya kulipa hata shilingi.