Silikoni haiingii ndani ya kovu

Juzi alinijia mama mmoja kutoka kisiwa cha Idjwi, aliyetolewa rovu, ule uvimbe wa shingo, miezi 3 iliyopita. Kabla hajaketi akaniwekea tubi ya jeli ya silikoni, ile ya kupaka kovu, juu ya meza, imekamuliwa na kuviringwa mpaka shingoni. "Munganga, hii dawa haina nguvu. Nimeimaliza yote na kovu liko tu."

Tubi ya gramu 15, kwa siku 9. Kola ya blauzi yake ya kitenge iling'aa kwa jeli. Kovu lenyewe, mstari wa kahawia ulioinuka kidogo juu ya mifupa ya mtulinga, lilikuwa kavu kabisa.

Yeye hana kosa. Ninayemkasirikia ni yule aliyemuuzia na kumwambia kwamba inapenya ndani na kulila kovu polepole. Miye ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Bukavu, makovu ya upasuaji yanapita mikononi mwangu kila siku, na maneno hayo nimeyasikia Kadutu, nimeyasikia Ibanda, nimeyasikia hata kwa wanafunzi wa uuguzi. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja.

Silikoni haipenyi. Inabaki juu ya ngozi tangu unapoiweka mpaka unapoiosha, na haina kitu ndani yake cha kula kovu. Kazi yake ni ya kifuniko. Bugali ukiuacha wazi kwenye sahani unashika ganda. Ukiufunika unabaki laini. Kifuniko hakikuingia ndani ya bugali, kimezuia tu mvuke usitoroke ovyo. Kovu changa nalo linapoteza maji kuliko ngozi nzima, na linaendelea hivyo kwa miezi. Chembe za juu zikikauka zinazituma zile za chini ziendelee kufuma kolajeni, zile nyuzi za protini zinazounda kovu, na kolajeni ikizidi ndipo kovu linavimba, linakuwa gumu na kuwasha. Ukilifunika, tabaka la juu linatulia na agizo la kufuma linapungua. Angalau hivyo ndivyo tunavyolielewa jambo hili mpaka sasa.

Ukishakubali kwamba ni kifuniko, mengine yote yanajieleza. Dawa inayopenya ungeongeza kipimo ili ifanye kazi haraka. Kifuniko huongezi unene, unaongeza saa. Kinachohesabika ni saa 12 mpaka 24 kila siku, kwa miezi 2 au 3 bila kuruka, na mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu anayeweka plaki (kile kipande bapa cha silikoni kinachobandikwa) usiku wa Jumamosi tu kwa sababu Jumapili anaenda kanisani anapoteza pesa zake.

Na jeli, tafadhali, nyembamba! Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha kovu la shingo kama lile. Unakitandaza mpaka huoni tena kitu isipokuwa mng'ao, halafu unakaa bila kuvaa dakika 4 au 5. Ikikauka inakuwa utando usiohamia kwenye nguo, na hapo unaweza hata kupaka poda juu. Ikiwa dakika 5 zimepita na kidole bado kinanata, umeweka nyingi: futa ziada. Ile safu nene haikauki kamwe. Inakwenda yote kwenye kola, na kovu linabaki wazi mchana kutwa huku mwenyewe akiamini limefunikwa. Mama wa Idjwi alitibu blauzi yake kwa siku 9. Kwa kipimo hiki, asubuhi na jioni, tubi ile ingemfikisha mwezi wa pili bila shida.

Plaki ni nzuri kwa tumbo la aliyezaa kwa kupasuliwa au kifua, mahali pa bapa panapofichwa na nguo. Unaioshea sabuni laini na maji kila siku, unaiacha ikauke yenyewe upande wa gundi ukitazama juu, unairudisha. Ukiifuta kwa taulo inajaa nyuzinyuzi na haishiki tena. Usipake mafuta chini yake.

Kabla ya kuanza, kidonda kiwe kimefunga, nyuzi zimetolewa, vigaga vimeanguka. Kwa kawaida ni baada ya wiki 2 hivi. Upele ukitokea, pumzisha ngozi, kisha rudi kwa saa chache. Silikoni haifuti weusi. Kovu la miaka 10, bapa na lililopoa, liache.

Keloidi ni habari nyingine. Kovu lililovimba linabaki ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi inavuka mipaka na kuila ngozi nzima ya jirani, hasa kwenye sikio, kifua na mabega. Hiyo silikoni peke yake haiilazi. Inataka sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, na ukiikata tu bila tiba nyingine, mara nyingi inarudi, pengine kubwa kuliko mwanzo.

Sasa niseme lile ambalo karatasi ya ndani ya boksi haitakuambia. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 20 yenye watu 873 na kukuta kwamba ushahidi wa silikoni ni dhaifu, kwa sababu majaribio mengi yalifanywa vibaya. Tena kuna majaribio yaliyolinganisha silikoni na jeli zisizo na silikoni yasione tofauti, jambo ambalo halinishangazi ikiwa kazi ni ya kifuniko. Na kovu hupoa lenyewe kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Nikiona limelala mwezi wa 6, siwezi kuapa kwamba ni silikoni iliyolilaza. Bado ninaipendekeza, kwa kuwa madhara yake ni madogo na muwasho nimeuona ukipungua. Lakini ikiwa bei ya tubi ni karo ya mtoto, ninasema wazi: nunua plasta ya karatasi, ibandike juu ya kovu, ibadilishe inapobanduka yenyewe, au tumia vazelini na ukande kovu kwa kidole mara 2 kwa siku. Mtu asikope kwa ajili ya kifuniko.

Mama wa Idjwi alikuwa na tubi ya pili mkobani. Nikamwambia akamue mwenyewe. Akatoa urefu wa ukucha. Nikamwomba arudishe nusu, halafu nusu ya nusu. "Hii tu, munganga?" Hii tu, mama. Tukakaa, akanieleza habari za mvua na mashua, mpaka dakika 5 zikapita. Akaligusa kovu kwa mgongo wa kidole, akainua kola na kuibana shingoni, kisha akaifunua aitazame kwa ndani. Ilikuwa kavu.