Je, wajua kwa nini vita vya nyumba New York hupiganwa ndani ya bajeti?

Kila Januari gavana wa jimbo la New York husimama mjini Albany, makao makuu ya jimbo, na kutoa mapendekezo yake ya bajeti. Siku hizi mwaka haupiti bila nyumba kutajwa: nyumba za bei nafuu zijengwe, mitaa iliyochakaa ifufuliwe, wapangaji walindwe. Kesho yake magazeti hubeba tarakimu kubwa kubwa. Hufuata miezi ya mvutano, na bajeti inapotoka, ndani yake mna sheria ya kufukuza wapangaji, sheria ya ukubwa wa maghorofa, hata sheria ya makampuni ya uwekezaji kununua nyumba za familia. Msomaji aliyezoea bajeti za kwetu, ambazo huzisikiliza ajue bia na petroli vimepandaje, ana haki ya kuuliza: haya yamefikaje huku? Kwa nini ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji usipelekwe bungeni kama muswada unaojitegemea?

Jibu linaanzia mwaka 1927, katiba ya jimbo ilipobadilishwa na kumkabidhi gavana kalamu ya bajeti. Tangu mabadiliko hayo yaanze kutumika, gavana ndiye anayeandika, na bunge linajibu. Wabunge wanaweza kufuta fungu, kulipunguza, au kuongeza fungu lao pembeni, ambalo gavana naye anaweza kulikata. Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo, katika kesi ya Silver dhidi ya Pataki, yaani spika dhidi ya gavana, ilikaza uzi zaidi: bunge haliruhusiwi kuchokonoa maneno ya sheria ambayo gavana ameyaweka ndani ya miswada ya fedha. Likikataa, silaha yake ni kugoma kupitisha bajeti.

Na kugoma kuna gharama. Mwaka wa fedha wa New York huanza Aprili 1. Bajeti ikichelewa, mishahara ya wabunge husimamishwa mpaka ipite. Basi gavana mwenye jambo gumu, ambalo likienda peke yake litafia kamatini, hulipakia kwenye bajeti, kwa kuwa hilo ndilo basi ambalo lazima lifike. Shule zinasubiri fedha zake ndani ya basi hilo hilo, hospitali pia. Mbunge wa kitongoji asiyetaka maghorofa kwao atajiuliza mara mbili kabla ya kutoboa tairi.

Hiyo ndiyo sababu ya kisiasa. Sababu ya kifedha ni ndefu zaidi, na hapo ndipo wengi hupotea. Kiswahili nacho hakisaidii, maana kodi ya serikali na kodi ya nyumba kwetu ni neno moja. Humu basi nitasema kodi nikimaanisha ya serikali, na ile ya mwenye nyumba nitaiita pango.

Mwaka 2022 Gavana Kathy Hochul na bunge walikubaliana juu ya mpango wa nyumba wa dola bilioni 25 kwa miaka mitano, wenye lengo la kujenga au kuhifadhi nyumba 100,000 za bei nafuu. Ukiisikia tarakimu hiyo unaweza kudhani kuna kasha mahali fulani lenye bilioni 25. Halipo. Fungu la maendeleo katika bajeti ni ruhusa ya kutumia, fedha taslimu ni habari nyingine. Ruhusa hiyo huandikwa mwaka huu, na isipotumika huandikwa tena mwaka ujao, na mwingine. Sehemu kubwa ya tarakimu ni fedha za hati fungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, na nafuu za kodi zitakazovutwa kutoka kwingine. Sisemi ni uongo. Lakini anayejumlisha matangazo ya miaka mitano mfululizo hujikuta amehesabu dola ile ile mara tatu.

Chukua jengo la fleti mia moja kwa watu wa kipato cha chini. Pango watakaloweza kulipa litatosha kwa umeme wa korido, ukarabati, mishahara ya wahudumu, na kurejesha mkopo mdogo wa benki. Mkopo mdogo haujengi jengo zima, kwa hiyo pengo huzibwa kwa tabaka. Tabaka nene kuliko yote hutoka Washington. Mwaka 1986 serikali ya shirikisho ilianzisha nafuu ya kodi kwa nyumba za watu wa kipato cha chini: mjenzi hupewa nafuu hiyo, naye huiuza kwa benki au kampuni kubwa inayotaka kupunguza kodi yake kwa miaka kumi. Fedha ya mauzo ndiyo inayonunua saruji. Tabaka la pili ni hati fungani zisizotozwa kodi, ambazo kila jimbo limewekewa kiwango cha juu kwa mwaka kulingana na idadi ya watu. La mwisho ni ruzuku ya jimbo, mara nyingi kwa sura ya mkopo ambao riba yake ni kama salamu tu.

Ndiyo maana Albany ikiongeza fedha zake bado haiwezi kukimbia ipendavyo. Kwa miaka mingi, mjenzi aliyetaka nafuu ya kodi ya aina inayoambatana na hati fungani ilibidi alipie angalau nusu ya gharama za mradi kwa hati hizo, na kiwango cha jimbo kilikuwa kikiisha mapema huku foleni ikirefuka. Julai 2025 Bunge la Marekani lilishusha sharti hilo hadi robo, kuanzia 2026. Badiliko hilo dogo, ambalo halikupata hata nusu ya kelele za hotuba ya Januari, linaweza kufungua miradi mingi kuliko ahadi za gavana.

Hati fungani zenyewe zina kisa kizuri. Katiba ya New York inataka wananchi wapige kura kabla jimbo halijakopa kwa jina lake, na wapiga kura hawakuwa na hamu ya kukopa kwa ajili ya nyumba za maskini. Mwaka 1960 Gavana Nelson Rockefeller aliunda wakala wa fedha za nyumba unaokopa kwa jina lake wenyewe. Nani angemkopesha wakala asiye na kitu? Mwanasheria wa hati fungani, John Mitchell, akabuni maneno ya ajabu: jimbo halidaiwi kisheria, ila lina wajibu wa heshima kuujazia wakala akiba yake ikipungua. Wakopeshaji waliridhika na heshima. Mitchell baadaye akawa mwanasheria mkuu wa Rais Nixon, na akaenda jela kwa kashfa ya Watergate.

Rockefeller hakuishia hapo. Usiku wa Aprili 9, 1968, siku aliyozikwa Martin Luther King, alilisukuma bunge lipitishe sheria ya kuunda UDC, yaani Shirika la Maendeleo ya Miji. Wabunge waliikataa kwanza, wakabanwa shingo, wakaipitisha. Shirika hilo lilikuwa na meno: liliweza kujenga nyumba mahali popote hata kama sheria za ardhi za mtaa husika zinakataza. Mkuu wake, Edward Logue, alijenga kwa kasi, Roosevelt Island katikati ya mto jijini New York ikiwa mojawapo ya kazi zake. Kisha akathubutu kugusa Westchester, wilaya ya matajiri kaskazini mwa jiji. Mwaka 1972 alipendekeza nyumba mia moja tu katika kila mji kwa miji tisa. Wenyeji wakawaka. Mwaka 1973 bunge liliyang'oa meno yale kwa miji midogo na vijiji vyote, na Februari 1975 shirika likashindwa kulipa madeni yake. Ile heshima ya Mitchell ikapimwa kwa mara ya kwanza.

Nimekaa sana hapo kwa sababu miaka hamsini baadaye filamu ilirudiwa. Januari 2023 Hochul alipendekeza nyumba 800,000 kwa miaka kumi. Kila mji wa eneo la jiji na vitongoji vyake ungetakiwa kukuza idadi ya nyumba kwa asilimia 3 kila miaka mitatu, na miji ya kaskazini kwa asilimia 1. Mji ukishindwa na ukawa unakataa vibali, jimbo lingeweza kuingilia. Kibajeti pendekezo hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu halikuomba fedha nyingi. Liliomba ruhusa ya kujenga, na ruhusa ndiyo ghali. Westchester na Long Island, vitongoji vya mashariki mwa jiji, wakasimama kidete, vile vile kama babu zao. Bunge likajibu kwa kutoa dola milioni 500 za kuibembeleza miji badala ya kuilazimisha. Gavana hakuzitaka. Bajeti ikapita mwezi mzima baada ya tarehe, na mpango wa nyumba haukuwamo.

Mwaka uliofuata alirudi na kikapu cha vitu vidogo vidogo, na kikafika. Bajeti ya Aprili 2024 ilileta nafuu mpya ya kodi kwa wajenzi wa majengo ya kupangisha mjini, kuchukua nafasi ya ile ya tangu 1971 iliyokuwa imeisha Juni 2022. Ilifungua mlango wa kuondoa kikomo cha ukubwa wa maghorofa ya makazi katika Jiji la New York kilichowekwa 1961. Wapangaji nao walipata kinga: katika nyumba zinazohusika, mwenye nyumba atoe sababu ya msingi kabla ya kukataa kuendelea na mpangaji, na pango likipanda zaidi ya asilimia 10, au asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei, kile kilicho kidogo, mpangaji anaweza kulipinga mahakamani. Kinga hiyo inafanya kazi jijini moja kwa moja, lakini miji mingine lazima ijiunge kwa hiari yake. Unaona Westchester ilivyoacha alama.

Kuna swali ambalo wajenzi hawapendi kuulizwa: nafuu kwa nani? Kipimo ni kipato cha kati cha eneo, na pango huhesabiwa lisizidi takriban asilimia 30 ya kipato cha familia. Kwa eneo la jiji, hesabu ya mwaka 2024 iliweka kipato cha kati cha watu wanne kuwa dola 155,300. Asilimia 60 yake, ambayo kwenye karatasi huitwa kipato cha chini, inazidi dola 93,000. Mfagia ofisi na mama anayetunza wazee majumbani mara nyingi hawafiki hapo hata wakiunganisha mishahara. Kwa hiyo tangazo la nyumba elfu fulani za bei nafuu lisomwe pamoja na asilimia iliyoandikwa pembeni. Kati ya 30 na 80 kuna watu wa dunia mbili.

Huko Buffalo na Syracuse, miji ya jimbo hilo hilo iliyo mbali na Jiji la New York, ambako leo utasikia Kiswahili cha Kongo madukani kutokana na wakimbizi waliohamishiwa huko, tatizo lina sura nyingine. Kule si watu wengi kuliko nyumba tu. Kuna mitaa ambako nyumba zimeoza zikiwa tupu. Ndiyo maana neno la ufufuaji wa jamii limo hata katika jina la idara ya nyumba ya jimbo. Neno lenyewe lina historia chungu: huko Syracuse, mtaa wa Wadi ya 15, walikoishi Waamerika Weusi wengi, ulivunjwa kwa jina la kufufua miji na barabara kuu ya juu ikapitishwa. Barabara hiyo sasa inaondolewa. Chombo cha siku hizi ni cha adabu zaidi: sheria ya 2011 iliruhusu benki za ardhi, zinazochukua nyumba zilizotelekezwa, zikazikarabati au kuzibomoa, na kuuza kiwanja kwa masharti. Fedha zake zimekuwa za kuokoteza, bajeti hadi bajeti.

Na mpangaji wa leo, asiyeweza kusubiri jengo la miaka mitano? Kwa ajili yake wanaharakati walidai kwa miaka vocha ya jimbo ya kusaidia pango, wakitaja dola milioni 250 kwa kuanzia. Bajeti ya Mei 2025, iliyojumlisha takriban dola bilioni 254, iliikubali vocha hiyo kwa mara ya kwanza, kama majaribio, kwa dola milioni 50.