Deni Huja Mapema, Kipato Huchelewa: Kupima Mkopo wa Shahada ya Sanaa Huria Nchini Marekani

Wazazi na wanafunzi wanaofikiria shahada ya sanaa huria, yaani fani kama historia, fasihi, falsafa, sosholojia au lugha, katika vyuo vya Marekani huuliza kwanza kama shahada hiyo inalipa. Ni swali la haki, lakini halitoshi, kwa sababu haligusi suala la muda. Mhitimu wa fani hizi kwa kawaida huanza na mshahara mdogo unaopanda polepole, ilhali marejesho ya mkopo wa serikali ya shirikisho huanza miezi 6 tu baada ya kuondoka chuoni. Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa uwezo wa kijana kubeba marejesho katika miaka yake ya mwanzo ya kazi. Matarajio ya kipato cha utu uzima yafuate baadaye.

Tofauti hii ya muda inaonekana wazi katika utafiti uliotolewa mwaka 2020 na kituo cha elimu na nguvukazi cha Chuo Kikuu cha Georgetown. Watafiti walipima faida ya kifedha ya vyuo vya sanaa huria baada ya kuondoa gharama za masomo, wakakuta kwamba miaka 10 baada ya kujiunga, faida ya chuo cha katikati katika kundi hilo (nusu ya vyuo vikiwa juu yake na nusu chini) ilikuwa takriban dola 62,000, chini sana ya ile ya vyuo vyote kwa jumla. Walipotazama miaka 40, mambo yaligeuka: vyuo vya sanaa huria vilifikia dola 918,000, na vyuo vyote dola 723,000.

Takwimu hizo ni za vyuo, si za fani, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Katika kundi hilo kimo Harvey Mudd cha California, ambacho nguvu yake ni sayansi na uhandisi, na vimo pia vyuo vinavyochagua wanafunzi wachache sana, wengi wao wakitoka katika familia zenye uwezo ambazo zingewasaidia kupata kazi nzuri hata kwa njia nyingine. Kijana anayekwenda kusoma fasihi katika chuo kidogo kisichojulikana nje ya jimbo lake hawezi kuichukua dola 918,000 kama ahadi yake. Afadhali aingie katika College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, atafute fani anayoitaka katika chuo anachokitaka, kisha aweke bayana mbele yake kiasi cha deni na kipato cha katikati, yaani kile ambacho nusu ya wahitimu wako juu yake na nusu nyingine chini yake. Akumbuke pia kwamba takwimu hizo huwahusu waliopokea msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho pekee.

Sasa tufanye hesabu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetegemea wazazi anaruhusiwa kukopa kwa serikali ya shirikisho dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka unaofuata, hivyo kwa miaka 4 deni lake ni dola 27,000. Tukichukua riba ya asilimia 6.5 na muda wa miaka 10, atalipa takriban dola 307 kila mwezi, na riba peke yake itakaribia dola 9,800. Kwa mshahara wa kuanzia wa dola 40,000 kwa mwaka, marejesho hayo ni kama asilimia 9 ya mshahara kabla ya kodi, mzigo unaobana lakini unaobebeka. Kwa wanaokopa kuanzia Julai 1, 2026, mpango wa kawaida kwa deni la ukubwa huo ni wa miaka 15: malipo ya mwezi hushuka hadi kama dola 235, ila jumla ya riba hupanda kuvuka dola 15,000. Nafuu ya mwezi isimfiche mkopaji gharama hiyo.

Hatari kubwa huanzia pale mkopo wa serikali unapoishia. Familia ikiziba pengo kwa mikopo ya benki hadi deni lifike dola 70,000, mhitimu yuleyule, kwa riba ileile na miaka 10, atadaiwa karibu dola 795 kwa mwezi, karibu robo ya mshahara wake kabla ya kodi. Tena mkopo wa benki mara nyingi humdai mdhamini sawa na mkopaji, na haumpi haki ya kulipa kulingana na kipato. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba jumla ya deni, la serikali na la benki, isizidi mshahara wa mwaka mmoja anaoweza kutarajia kwa uhalisia mara tu baada ya kuhitimu. Chuo kikihitaji zaidi ya hapo, familia itafute chuo kingine kabla ya kutafuta mkopo mwingine.

Ada iliyotangazwa isiwatishe wala isiwavutie. Vyuo vinavyopokea fedha za shirikisho vinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao, na chuo cha binafsi chenye ada kubwa kinaweza kugeuka nafuu baada ya ruzuku kutolewa. Linganisheni kile mtakacholipa mfukoni na kukopa kwa miaka yote 4, kwani ruzuku ya mwaka wa kwanza huenda isiendelee. Ulizeni vilevile ni wanafunzi wangapi humaliza, maana anayeumia zaidi ni aliyekopa akaacha masomo: deni analo, shahada hana.

Jambo la mwisho linawahusu wengi wa fani hizi, ambao hupata kipato kizuri baada ya shahada ya pili. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewafungia wakopaji wapya, kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa shirikisho ulioweza kugharamia masomo ya uzamili yote, na kuweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla kwa programu zilizo nje ya taaluma mahususi kama utabibu na sheria. Anayepanga kuendelea na uzamili aingize deni hilo katika hesabu yake sasa, kabla hajasaini mkopo wa shahada ya kwanza.