Maji hairudishake bipele ya surua ndani

Apa Goma tangu zamani bamama mingi banasemaka ivi: mutoto akishikwa na surua, ao rujole vile tunaiitaka, usimuogeshe, umufunike blanketi, juu maji itarudisha bipele ndani. Hata miye nililelewa ivo. Na siyo ujinga, juu kweli kuna batoto banazidiwaka kisha bipele kutoka, lakini ile inatokana na surua yenyewe, inaingia mu mapafu ao inaleta kuhara.

Bipele haiko uchafu yenye inatafuta njia ya kutoka. Virusi inaingiaka na pumzi, inatembea mu damu kwanza, njo maana homa, kikohozi na macho myekundu inatanguliaka siku 3 ao 4, kisha bipele inaanzia usoni na nyuma ya masikio, inashuka mpaka ku miguu. Sasa virusi iko tayari mwili muzima, maji ya vuguvugu itaisukuma wapi tena? Blanketi nzito njo inazuiaka joto kutoka.

Unaweza kujiangalizia mwenyewe kama ni surua ao ni kitu ingine. Andika siku homa ilianza na fasi bipele ilianzia. Tetekuwanga yeye iko na malengelenge ya maji. Kamata glasi yenye unaweza kuona ngozi kupitia ndani yake, ikandamize pa bipele, kama ngozi ni nyeusi sana jaribu pa kiganja: rangi ikikataa kupotea na homa iko, kimbia kwa munganga saa ile ile.

Na surua inaambukiza siku 4 mbele ya bipele mpaka siku 4 kisha, basi jirani asilete batoto kusalimia.