Je, wajua kwa nini kompyuta inaweza kutambua nimonia bila kuangalia mapafu?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba programu ya akili mnemba inayosoma picha za eksirei hukosea kwa sababu moja tu, yaani uchache wa picha ilizofundishiwa, na kwamba ikishapatia majibu mengi basi imeujua ugonjwa. Dhana ya kwanza ina ukweli kiasi. Ya pili ndiyo iliyonipotosha, kwa kuwa programu inaweza kupatia mara nyingi sana huku ikitazama kitu kisichohusiana na mapafu hata kidogo.

Tuchukue mfano wa kijana anayefundishwa na muuza matunda kutofautisha maembe mabivu na mabichi. Kila siku anaonyeshwa embe moja baada ya jingine na kuambiwa hili bivu, hili bichi, wala haelezwi sababu. Ikiwa mabivu huletwa katika matenga yaliyofungwa kamba ya bluu, kijana hana haja ya kuyabonyeza wala kuyanusa. Ataitazama kamba, naye atapatia. Hajadanganya, maana hakuna aliyemwambia kuwa kamba haimo katika somo. Atakapopelekwa soko jingine, ambako kamba zote ni za rangi moja, ndipo itakapojulikana amejifunza nini. Programu za picha nazo hufundishwa hivyo: hupewa picha pamoja na majibu, kisha hujirekebisha hadi makosa yapungue, na hushika alama yoyote inayorahisisha kazi.

Kamba hiyo ilionekana waziwazi katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliotumia picha za kifua 158,323 kutoka taasisi tatu. Katika picha za hospitali ya Mount Sinai, New York, asilimia 34.2 zilikuwa na nimonia. Katika zile za taasisi ya taifa ya afya, NIH, ni asilimia 1.2 tu. Programu iliweza kutambua picha imetoka wapi kwa usahihi unaozidi asilimia 99.9, na miongoni mwa vilivyoisaidia ni kile kipande cha chuma ambacho mpiga picha hukiweka pembeni kuonyesha upande wa kulia au wa kushoto. Kinachonishangaza hadi leo ni hiki: katika kipimo ambacho 1 ni ukamilifu na 0.5 ni sawa na kurusha sarafu, kuzipanga picha kwa jina la hospitali peke yake, bila kutazama pafu lolote, kulipata 0.861. Programu yenyewe ilipata 0.931, lakini ilipopewa picha za taasisi ya tatu, ya Indiana, ilishuka hadi 0.815.

Hata hivyo, haifai kukilaumu kipande cha chuma kwa mporomoko wote huo. Mashine hutofautiana, wagonjwa hutofautiana, na mgonjwa aliyezidiwa mara nyingi hupigwa picha kitandani kwa mashine ya kuhamishika, ambayo picha yake ina sura yake. Ramani za rangi zinazoonyesha programu ilikazia macho sehemu gani hutuambia mahali, hazituambii sababu.

Wala haya hayazifanyi programu hizi kuwa za kutupwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, jambo lenye manufaa makubwa pale ambapo mashine ya eksirei ipo lakini daktari wa radiolojia hayupo. Programu hutoa alama, na anayevuka kiwango kilichowekwa hupelekwa kupimwa makohozi. Kiwango hicho hakitoki kiwandani kikiwa kinafaa kila mahali. Hurekebishwa kulingana na watu wanaopimwa, kwa kuwa aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona huweza kubaki na makovu, nayo programu ikayahesabu kuwa ugonjwa wa leo.