Buluu na rimu za dhahabu si sheria ya Subaru

Wengi huamini Subaru Impreza ya michezo "halisi" ni ya buluu yenye rimu za dhahabu, na kwamba rangi nyingine yoyote imepakwa gereji. Si kweli. Mwonekano huo ulitoka kwenye mashindano ya magari: mwaka 1993 timu ya Subaru ilipata udhamini wa sigara za 555, ikavaa buluu na njano. Dereva wake Colin McRae alipoishindia Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, mwonekano huo ukanata machoni petu.

Kiwandani WRX, yaani Impreza hizo za michezo, zilitoka nyeupe, nyeusi, hata za fedha. Fungua boneti usome msimbo wa rangi kwenye kibati: kwa matoleo ya miaka ya 2000, 02C ndiyo buluu ile. Mimi ningechukua nyeupe yenye rimu za kijivu iliyokolea, maana vumbi jeusi la breki halionekani upesi.